Herufi za Ramani

Ramani ya jengo haisomeki kwa mistari peke yake. Mistari miwili inayokwenda sambamba inaonyesha kwamba hapo pana ukuta, lakini ni maandishi yanayosema kwamba ukuta huo ni wa tofali za inchi 6 au wa zege, na kwamba nondo za nguzo inayoushika ni za milimita 12 au 16. Ukiyafuta, unabaki na picha. Ndiyo maana programu za kuchorea ramani kwa kompyuta, AutoCAD ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, hazikuuacha uandishi uwe jambo la kuamuliwa upya kila mchoraji anapotaka kuandika neno. Zimeuwekea mahali pake, panapoitwa mtindo wa maandishi: jina moja linalobeba maamuzi kadhaa kwa pamoja, yaani fonti, kimo cha herufi, upana wake, mwinamo wake, na kama maandishi yatafuata skeli ya karatasi au la.

Kati ya Jangwani na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, maamuzi haya yana uzito wa pekee. Kariakoo inajengwa upya kiwanja kwa kiwanja: nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi wa katikati zinabomolewa, na kwenye viwanja vile vile vyembamba yanapanda maghorofa. Upande wa Jangwani ardhi inashuka kuelekea bonde la Mto Msimbazi, lile lile lililofurika Desemba 2011 hata familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Ramani ya jengo la huku hupita mikono mingi. Huanzia kwenye laptopu ya mbunifu majengo, ikaenda kwa mhandisi wa miundo mwenye toleo jingine la programu, ikabebwa kwenye flashi hadi stesheneri yenye plota, ikafikishwa ofisi za jiji kuombewa kibali, ikatolewa kopi, na mwisho ikamfikia fundi anayeisoma juani, karatasi imekunjwa mara kadhaa na imeshika vumbi la saruji. Katika kila kituo herufi zinaweza kubadilika bila mtu kuzigusa. Kuweka mtindo vizuri ni kuhakikisha kwamba fundi yule anasoma kile kile kilichoandikwa na mbunifu.

Kabla ya kompyuta, uamuzi wa herufi ulikaa kwenye kalamu. Soko la Kariakoo lililobuniwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na AutoCAD ilitolewa kwa mara ya kwanza Desemba 1982. Kwa hiyo michoro ya miavuli ile ya zege, iliyokaa kichwa chini ili kukusanya maji ya mvua, iliandikwa bila kompyuta ya mezani wala fonti ya kuchagua. Enzi hizo mchoraji aliandika kwa mkono uliofunzwa, au kwa kupitisha kalamu ya wino ndani ya kiolezo cha plastiki kilichotobolewa umbo la herufi. Kiwango cha kimataifa cha uandishi wa michoro ya kiufundi, ISO 3098, kilianza kuchapishwa mwaka 1974. Kilipanga vimo vya herufi kwa milimita: 2.5, 3.5, 5, 7, 10, 14 na 20. Kikaweka pia kwamba katika aina ya herufi iitwayo B, unene wa mstari uwe sehemu moja ya kumi ya kimo. Herufi ya milimita 2.5 iandikwe kwa kalamu ya 0.25, ya 3.5 kwa kalamu ya 0.35, ya 5 kwa kalamu ya 0.5. Watengenezaji wa kalamu wakazipa rangi: nyeupe kwa 0.25, njano kwa 0.35, kahawia kwa 0.5, buluu kwa 0.7. Violezo navyo vilitiwa rangi zile zile, kwa hiyo aliyeshika kiolezo chenye alama ya njano alichukua kalamu ya njano, na uwiano ukawa umepatikana bila hesabu.

Vimo vile havikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kila kimoja ni kile kilichotangulia mara 1.4 hivi, na huo ndio uwiano wa karatasi za A0, A1, A2, A3 na A4. Mchoro wa A1 ukipunguzwa kuwa A2, herufi ya 3.5 inakuwa ya 2.5 na herufi ya 5 inakuwa ya 3.5: bado ziko ndani ya kiwango. Ukipunguzwa hadi A3, kila kipimo kinabaki nusu, na herufi ya 5 inashuka kuwa 2.5. Hili ni jambo la kila siku kwenye stesheneri za Kariakoo, kwa kuwa kopi ya A3 ni rahisi kuliko A1, na fundi hupewa A3. Mchoraji aliyeandika maelezo yake yote kwa kimo cha 2.5 kwenye A1 anampa fundi herufi za milimita 1.25. Hapo ndipo 6 inapoanza kufanana na 8, na ringi za R8, yaani za nondo ya milimita 8, zikasomwa R6. Ushauri wa kuandika maelezo ya nondo kwa kimo cha 3.5 badala ya 2.5 unaonekana mdogo, lakini ni miongoni mwa yale machache ambayo mchoraji anaweza kuyafanya mezani kwake yakamlinda mtu atakayelala ndani ya jengo.

Kompyuta zilipoanza kuchora, tatizo la kwanza lilikuwa jinsi ya kumfundisha roboti mwenye kalamu kuandika. Plota za mwanzo zilishika kalamu ya kweli na kuitembeza juu ya karatasi, kwa hiyo hazikuweza kutumia herufi za chapa, ambazo ni maumbo yaliyojazwa wino ndani. Zilihitaji herufi za mistari mitupu. Mwaka 1967 Allen Hershey, aliyefanya kazi katika maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani huko Dahlgren, Virginia, alichapisha seti kubwa ya herufi zilizotengenezwa kwa vipande vya mstari ulionyooka. Fonti kadhaa za AutoCAD zenye mkia wa .shx ni za ukoo huo, kama vile romans, ambayo hadi leo ni kipenzi cha wachoraji wengi. Ndogo kuliko zote ni txt, yenye vipande vichache mno kwa kila herufi. Ilitengenezwa hivyo kwa sababu mashine za miaka ya 1980 zilichukua muda mrefu kuchora upya skrini iliyojaa maneno.

Kundi la pili ni fonti za TrueType, kama Arial, zilizoingia kwenye Windows mwaka 1992. Hizi zina mzingo wa nje na ujazo ndani, sawa na herufi za kitabu. Tofauti ya makundi haya mawili inagusa kazi moja kwa moja. Herufi ya SHX haina unene wake yenyewe. Inaupata kutoka kwenye uzito wa mstari uliopewa rangi au tabaka lake, kwa hiyo kanuni ya sehemu moja ya kumi inarudi: anayeandika kwa kimo cha 3.5 alipe tabaka la maandishi uzito wa 0.35. Herufi ya TrueType inakuja na unene wake, na kubadili uzito wa mstari hakuiongezi wala hakuipunguzi. Kwa jina la mradi na kichwa cha ramani, TrueType inapendeza. Kwa vipimo, leveli na maelezo ya nondo, herufi nyembamba ya SHX au fonti iliyochorwa kwa kufuata ISO inashinda, kwa sababu matundu ya 6, 8 na 9 hayazibiki upesi kwenye kopi ya pili au ya tatu.

Kuuweka mtindo wenyewe huanza kwa amri ya STYLE, inayofungua dirisha lenye orodha ya mitindo iliyomo kwenye mchoro. Humo hukutwa mtindo uitwao Standard, ambao hauwezi kufutwa wala kubadilishwa jina. Wengi huandika nao moja kwa moja, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Kila ofisi ina Standard yake: kwa mbunifu huenda imefungwa na Arial, kwa mhandisi ikafungwa na txt. Mhandisi akiingiza kipande cha mchoro wa mbunifu ndani ya mchoro wake, majina yanagongana, na programu inafuata tafsiri ya mchoro unaopokea. Maneno ya mbunifu yanabadilika umbo na upana pale pale. Yaliyotosha ndani ya chumba yanavuka ukuta. Dawa yake ni jina. Mtindo ukiitwa kwa jina la ofisi na kazi yake, kwa mfano herufi za kwanza za ofisi zikifuatwa na neno VIPIMO au MAELEZO, haugongani na wa mtu mwingine.

Baada ya jina huja fonti, kisha kimo. Kimo ndicho kinachowatatiza wanafunzi zaidi, kwa sababu jengo kwenye programu huchorwa kwa ukubwa wake halisi. Chumba cha mita 3 huchorwa milimita 3,000, na karatasi inakuja mwishoni. Herufi inayotakiwa kuonekana kwa milimita 2.5 kwenye skeli ya 1:100 lazima iandikwe kwa kimo cha 250. Kwenye 1:50 iandikwe kwa 125. Ramani ndogo ya kuonyesha mahali, ile inayochorwa pembeni kwa skeli ya 1:2,500 kumwelekeza mkaguzi kwamba kiwanja kipo mitaa miwili kutoka makao makuu ya klabu ya Yanga, kwenye makutano ya Twiga na Jangwani, inadai herufi yenye kimo cha mita 6.25, karibu ghorofa mbili kwenda juu. Anayeielewa hesabu hii ameielewa nusu ya mambo yote.

Ndani ya dirisha la mtindo, kimo kinaweza kuachwa sifuri. Sifuri maana yake si herufi isiyo na kimo. Maana yake ni kwamba programu iulize kimo kila maandishi yanapoanza. Kimo kikifungwa kwenye mtindo, kila kinachoandikwa kwa mtindo huo kinakifuata, na mtindo wa vipimo unaoutumia unapoteza uwezo wa kuweka kimo chake. Mchoraji anabadili namba kwenye dirisha la vipimo, hakuna kinachosogea, na anaanza kuilaumu programu. Kwa hiyo mtindo utakaobebwa na vipimo ni bora uachwe sifuri. Tangu toleo la 2008 ipo pia njia ya maandishi yanayofuata skeli yenyewe: mchoraji anataja kimo cha kwenye karatasi, 2.5 au 3.5, na programu inafanya ule uzidishaji kila skeli inapobadilika. Njia hii inaokoa muda pale mpango mmoja wa sakafu unapotolewa kwa 1:100 kwa ajili ya kibali na kwa 1:50 kwa ajili ya ujenzi.

Upana una somo lake, na kwa anayeandika Kiswahili somo hilo linafika mapema. Herufi ya aina B ya ISO, pamoja na nafasi inayoifuata, inachukua takriban milimita 2 ikiwa kimo ni 2.5. Maneno CHUMBA CHA KULALA, pamoja na nafasi zake, ni alama 17, yaani milimita 34 hivi. Chumba cha mita 3 kwenye 1:100 kina milimita 30 za karatasi. Hayaingii. Kupunguza upana hadi 0.8 kunayafikisha 27, yakaingia yakikaribia kugusa kuta pande zote mbili, na bado kuna kitanda na mlango vya kuchorwa. Kushuka chini ya 0.8 kunazibana herufi mpaka M na N zinafanana. Njia iliyo bora ni kuyavunja maneno kwa mistari miwili, au kukipa kila chumba namba na kuandika majina kwenye jedwali la pembeni. Ramani nyingi za Dar es Salaam huandikwa majina ya vyumba kwa Kiingereza, na ufupi wa maneno yake ni sehemu ya sababu. Lakini fundi na mwenye nyumba huzungumza Kiswahili pale kiwanjani, na jedwali la namba linaondoa kisingizio hicho.

Mwinamo hupewa nyuzi 0 au 15. Viwango vinaruhusu vyote, na herufi zilizosimama wima zinatosha kwa kazi nyingi. Kuhusu herufi kubwa na ndogo, desturi ya michoro ni herufi kubwa, na sababu yake inaonekana kwenye maduka ya kanga ya Kariakoo: jina la kanga huandikwa kwa herufi kubwa tupu, likasomeka kutoka upande wa pili wa mtaa hata kitambaa kikiwa kimekunjwa.

Alama zisizo kwenye kibodi zinastahili kutazamwa kwa karibu. AutoCAD ilizipa vifupisho tangu zamani: %%c hutoa alama ya kipenyo, Ø, %%d hutoa alama ya nyuzi, %%p hutoa ±. Ramani ya Jangwani haiendi bila hii ya tatu, kwa sababu sakafu ya chini huandikwa ±0.00 na kila kimo kingine kikahesabiwa kutoka hapo: barabara iko chini kiasi gani, mtaro chini zaidi, ghorofa ya kwanza juu. Fonti za SHX za kawaida zina nafasi maalum za alama hizo. Fonti iliyotengenezwa na mtu akasahau nafasi hizo huacha pengo au kuweka alama ya kuuliza. Hatari kubwa zaidi iko kwenye kialama kidogo kuliko vyote, kile cha hasi. Leveli ya -0.45 ikiandikwa kwa kimo cha 2.5 kwenye A1 kisha ikapunguzwa hadi A3, kile kimstari cha mbele kinabaki chini ya milimita moja. Kopi moja hafifu inakimeza, na sehemu iliyopaswa kuwa sentimita 45 chini ya sakafu inasomwa kuwa sentimita 45 juu yake. Kwenye mwinuko wa Pugu kosa hilo lingegharimu vifusi. Kwenye bonde la Msimbazi linaamua maji yatapita mlangoni au mtaroni. Leveli ziwe na mtindo wake, wenye kimo cha 3.5 au 5, na zile za juu zitanguliwe na alama ya kujumlisha, ili namba isiyo na alama yoyote ijulikane mara moja kuwa ina kasoro.

Alama ndogo ya Kiswahili nayo inahusika. Mtaa wa Narung'ombe unaandikwa kwa ng' yenye kibainishi. Mchoraji akiuandika moja kwa moja ndani ya AutoCAD, anapata kibainishi kilichonyooka, ambacho kila fonti inacho. Akiunakili kutoka Word, ambako programu imekipinda yenyewe, baadhi ya fonti za SHX hazikitambui kilichopinda, na kichwa cha ramani kinatoka Narung?ombe. Jambo hilo hilo linatokea kwa alama ya mita za mraba inayonakiliwa kutoka kwenye hati. Si kosa la kubomoa jengo. Lakini jina la mtaa kwenye ombi la kibali ni sehemu ya utambulisho wa kiwanja, na wakazi wa mtaa huo wanastahili kuona jina lao limeandikwa lilivyo.

Baada ya mtindo kukamilika, faili linaanza safari, na fonti haisafiri nalo. Ndani ya faili la DWG hukaa jina la fonti tu. Mashine ya stesheneri isipokuwa nayo, programu inaweka mbadala wake, mara nyingi simplex, na kwa kuwa upana wa herufi za mbadala ni tofauti, maneno yanapandana juu ya mistari ya vipimo. Mwenye plota hana njia ya kujua kwamba haikukusudiwa hivyo. Kuna kinga tatu. Ya kwanza ni kutumia fonti zinazokuja na programu yenyewe na kuacha zile za kupakua. Ya pili, pale faili linapotakiwa kuendelea kuchorwa na mtu mwingine, ni kulifunga kwa amri ya ETRANSMIT, inayokusanya faili na fonti zake za SHX kwenye fungu moja. Ya tatu, na ndiyo ifaayo kwa stesheneri, ni kupeleka PDF. Ndani ya PDF herufi za TrueType hufungiwa pamoja na waraka, na za SHX hugeuzwa kuwa mistari ya kawaida, zikatoka vile vile kwenye plota yoyote. Hasara yake ni kwamba mistari hiyo huenda isitafutike kama maneno. Anayetaka kutafuta neno NGUZO kwenye waraka wa kurasa 40 huenda akaikosa huduma hiyo, isipokuwa maelezo yale yameandikwa kwa TrueType.

Yamebaki mambo mafupi. Kwa majengo yenye pande mbili zinazofanana, ambako upande mmoja huchorwa na wa pili ukageuzwa kama kwenye kioo, kipengele cha MIRRTEXT kiwekwe 0, ili mistari igeuke na maneno yabaki yanasomeka. Mitindo iliyoingia kutoka michoro ya watu wengine na haitumiki iondolewe kwa PURGE. Ile ya ofisi, ambayo kwa kawaida haizidi minne, ihifadhiwe kwenye faili la kiolezo la DWT, ili kila kazi mpya ianze nayo.

Kwa michoro iliyokwishaanza kabla ya mitindo kupangwa, marekebisho hayafiki kote kwa pamoja. Kubadili fonti ndani ya mtindo kunabadili maandishi yote yanayoutumia. Kubadili kimo, upana au mwinamo hakuyagusi maandishi ya mstari mmoja yaliyokwishaandikwa. Hayo huchaguliwa na kurekebishwa kwenye jedwali la sifa. Maandishi ya aya nayo huenda yakawa na fonti iliyopachikwa ndani yake na aliyeyaandika, na fonti hiyo itaupuuza mtindo mpaka iondolewe. Kwa hiyo baada ya mabadiliko yoyote hutolewa karatasi moja ya A3, ya ukurasa wenye maandishi mengi kuliko mingine, ikakaguliwa namba kwa namba kabla seti nzima haijapelekwa kwenye plota.